Ufundishaji wa Kutafuta na Kupakua Programu Katika Maghala ya Msimbo

Mwalimu wa shule ya msingi apangiwaye kufundisha TEHAMA aghalabu hukuta shuleni kompyuta chache zilizotolewa kwa msaada, na ndani yake hamna programu hata moja iliyokusudiwa watoto. Njia mbili humkabili. Ya kwanza ni kumwita fundi wa mtaani, ambaye kwa malipo kidogo ataweka programu zilizovunjwa kufuli, na pengine ataweka pamoja nazo virusi bila yeye mwenyewe kujua. Ya pili ni kutafuta programu za bure zilizo halali, nazo ni nyingi na nzuri. Lakini mwalimu akizifuata hadi mahali zinapohifadhiwa hukuta ukurasa uliojaa majina ya faili asiyoyafahamu. Hubonyeza kitufe kinachong'aa kuliko vingine, bando lake likaisha, na mwishowe akapata folda isiyofunguka kuwa programu yoyote. Baada ya hapo humrudia fundi.

Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, na jinsi mwalimu mwanafunzi awezavyo kujifunza kuusoma ukurasa wa namna hii, kisha naye akawafundisha wenziwe shuleni. Hatutatoa orodha ya vitufe vya kubonyeza. Tumeona wakufunzi wakiwakaririsha wanachuo: bonyeza hapa, kisha pale, kisha pale. Mafunzo ya aina hiyo hudumu hadi siku wenye tovuti watakapokihamisha kitufe kimoja kutoka kulia kwenda kushoto.

Jikoni na mezani

Programu ya kompyuta huandikwa na watu, kwa maneno na alama ziitwazo msimbo. Waandishi wa programu moja waweza kuwa mmoja au mia, nao waweza kuwa wametawanyika katika nchi nyingi. Kwa hiyo huhitaji mahali pamoja pa kuyaweka maandishi yao, kuyasahihisha na kujadiliana. Ghala la kwanza kupata umaarufu mkubwa kwa kazi hii ni SourceForge, lililofunguliwa mwaka 1999. Mwaka 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitunga Git, chombo cha kutunza kumbukumbu za kila badiliko lifanywalo katika msimbo. Juu ya chombo hicho ilijengwa GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008 na kununuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2018. Zipo pia GitLab, na Codeberg inayoendeshwa na chama kisicho cha kibiashara kilichoko Berlin. Ghala la Google Code lilifungwa mwaka 2016, na kwa sababu hiyo viungo vingi vilivyomo katika vitabu vya zamani havifikishi popote.

Jambo la kushika katika historia hii fupi ni kwamba maghala haya yalijengwa kwa ajili ya waandishi wa programu, wala si kwa ajili ya mtu atakaye kuitumia tu. Mambo yote yamtatizayo mwanachuo yanatokana na hilo. Ukurasa wa mbele wa programu katika GitHub ni meza ya kazi ya fundi: hapa randa, pale misumari, kule mbao zisizopigwa msasa. Mgeni aingiaye karakana akitaka kiti asishangae kuona mbao kwanza.

Lugha yetu yatusaidia sana katika kulifafanua jambo hili. Kabla ya neno kupakua kuhamia katika kompyuta lilikuwa, na hata sasa lingali, na maana ya kushusha shehena kutoka chomboni, na pia ya kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Maana hii ya pili ndiyo ifaayo kwa somo letu. Mpishi hapakui mchele mbichi, hupakua wali. Msimbo ni mchele, pamoja na nazi na chumvi. Ili uwe programu iwezayo kutumika hauna budi kupikwa, yaani kugeuzwa na programu nyingine kuwa faili ambalo kompyuta ya aina fulani hulielewa moja kwa moja. Waandishi wema hupika wenyewe, wakaweka chakula kilichoiva mahali maalumu kwa ajili ya wageni. Basi kazi ya mwanafunzi wetu ni kutambua ni wapi penye mchele na ni wapi penye wali.

Katika GitHub, kitufe cha kijani chenye neno "Code" ndicho mlango wa mchele. Mtu akikibonyeza na kuchagua "Download ZIP" hupewa maandishi yote ya programu, yakiwa yamefungwa katika faili moja. Kwa mwandishi wa programu hicho ndicho kitu cha thamani; kwa mwalimu wa darasa la nne si kitu. Wali, kama upo, huwekwa chini ya neno "Releases", maana yake matoleo, ambalo katika kompyuta huonekana upande wa kulia wa ukurasa, na katika simu hushuka hadi chini baada ya maelezo marefu. Ukifungua matoleo hukuta kila toleo na namba yake na tarehe yake, na chini ya maelezo ya toleo mna orodha iitwayo "Assets". Humo ndimo mlimo na faili lililoiva.

Hata humo mna mtego. GitHub yenyewe huongeza mafaili mawili katika orodha ya kila toleo, yote mawili yakiitwa "Source code", moja la zip na jingine la tar.gz. Huo ni mchele uleule, umeletwa hadi mezani. Mwanafunzi aliyeambiwa tu "nenda kwenye matoleo ukachukue zip" atauchukua mchele kwa mara ya pili na kudhani kwamba amekosea njia, kumbe njia aliipata na sahani ndiyo aliyoikosea. Yafaa mkufunzi akae hapa kwa muda. Awaulize wanachuo kwanza, wao wenyewe wagundue kwamba mafaili hayo mawili yako katika kila toleo la kila programu, na kwamba mafaili mengine ndiyo yanayotofautiana.

Kuna programu zisizo na toleo lolote lililopikwa katika ghala. Mara nyingi wenyewe wameliweka faili katika tovuti yao, na maelezo yaitwayo README, yaonekanayo chini ya orodha ya mafaili katika ukurasa wa mbele, hueleza liliko. Kusoma README ni desturi ambayo ingefaa kujengwa tangu somo la kwanza.

Matayarisho

Somo hili halihitaji intaneti mwanzoni, wala halihitaji kompyuta. Tunapendekeza mkufunzi auchore ukurasa mzima juu ya karatasi kubwa ya manila: orodha ya mafaili, kitufe cha kijani, upande wa kulia wenye matoleo, na README chini yake. Wanachuo waje mbele mmoja mmoja waonyeshe kwa kijiti: yu wapi mpishi, yu wapi mgeni. Manila haina gharama ya bando na haizimiki umeme ukatikapo. Zaidi ya hayo humzuia mwanafunzi asibonyeze kabla ya kufikiri, jambo ambalo kompyuta haimzuii.

Kisha zikatwe kadi, na juu ya kila kadi liandikwe jina la faili kama lionekanavyo katika orodha ya kweli. Mfano mzuri ni Kolibri, programu ya kusomea bila intaneti iliyotungwa na shirika la Learning Equality la Marekani. Jina lake ni la ndege mdogo wa Amerika anayefanana na chozi wetu. Hupatikana pia kwa Kiswahili, na huwezesha kompyuta moja kuzigawia nyingine masomo ndani ya shule isiyo na intaneti. Tunaichagua kwa sababu orodha ya mafaili yake ni ndefu, nayo ina sahani za wageni wa kila namna: kuna la .exe kwa kompyuta za Windows, la .deb kwa zile za Debian na Ubuntu, na kuna ya .whl na .pex ambayo ni ya watu wenye kuijua lugha ya Python. Wanachuo wagawe kadi katika mafungu: la Windows, la Linux, la simu (ambalo huishia .apk), la kompyuta za Apple (aghalabu .dmg), na fungu la yasiyotuhusu. Wasiojua kadi iende wapi waiweke kando, wasiibahatishe.

Kusoma jina la faili

Jina la faili katika maghala haya ni sentensi iliyofupishwa. Husema hii ni programu gani, ni toleo la ngapi, na imepikiwa kompyuta gani. Kila sehemu ina tatizo lake.

Tuchukue namba ya toleo. Mwalimu aliyetoka kufundisha desimali darasa la tano ataapa kwamba 3.10 ni ndogo kuliko 3.9, na katika hesabu amesema kweli. Katika matoleo sivyo. Nukta haitenganishi nzima na sehemu ya kumi. Hutenganisha namba mbili kamili, kama sura na aya. Aya ya 10 ya sura ya 3 hufuata aya ya 9. Lugha ya Python ilitoa toleo la 3.9 mwaka 2020 na la 3.10 mwaka 2021. Tunawasihi wanachuo walitaje jambo hili waziwazi mbele ya watoto, kwani mtoto akiachwa nalo bila maelezo aweza kuharibikiwa na desimali zake, na hasara hiyo ni kubwa kuliko faida ya kupata programu.

Sehemu ya kompyuta nayo ina maneno ya ajabu. Faili lenye amd64 huachwa na wengi kwa kuwa kompyuta yao imebandikwa jina la Intel. Lakini AMD ndiyo kampuni iliyotangulia kuubuni mpango huo wa biti 64, na Intel ikaufuata, jina likabaki. Hivyo amd64 na x86_64 ni kitu kimoja, nacho hufaa kwa kompyuta nyingi za mezani za siku hizi, ziwe za Intel au za AMD. Arm64 ni mpango mwingine kabisa, ulio katika simu nyingi na katika baadhi ya kompyuta mpya. Kompyuta kuukuu zenye mfumo wa biti 32 huhitaji faili la i386, i686 au x86 tupu, na mafaili hayo yanazidi kuwa adimu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linaloziumiza shule zetu kuliko mengine yote. Ukurasa humsukuma mgeni kwenye toleo lililoandikwa "Latest", yaani la karibuni. Kwa mwenye kompyuta mpya hilo ni shauri jema. Kwa shule yenye mashine za msaada, zingali zikitumia Windows 7, huenda toleo hilo likakataa hata kuanza. Python tuliyoitaja yatoa mfano: 3.8 ndilo toleo la mwisho lililokubali Windows 7, kuanzia 3.9 halikubali tena. Mwalimu asiyejua hudhani kompyuta zimekufa, akaziandikia barua ya kuondolewa. Ajuaye hushuka katika orodha ya matoleo ya zamani hadi alipate lile ambalo maelezo yake yanaitaja mashine aliyo nayo. Matoleo ya zamani hayafutwi kwa kawaida, na hiyo ni baraka kubwa ya maghala haya. Lakini tuseme ukweli wote: toleo la zamani lina kasoro zilizokwisha kurekebishwa katika mapya, na Windows 7 yenyewe iliacha kupokea marekebisho ya usalama ya kawaida Januari 2020. Mashine kama hizo zikae bila intaneti. Toleo lenye neno "Pre-release" ni chakula ambacho mpishi mwenyewe bado anakionja, lisitumike darasani.

Kuhakiki

Programu yenye jina maarufu hunakiliwa na watu wengi, na katika GitHub kunakili ni jambo halali, la kila siku. Matokeo yake ni kwamba jina moja laweza kuonekana chini ya wenyewe kumi. Jina la mwenyewe huandikwa kabla ya jina la programu, na hilo ndilo la kusomwa kwanza. Njia iliyo salama zaidi ni kuanzia katika tovuti ya programu yenyewe na kufuata kiungo chake hadi ghalani, badala ya kuingia ghalani na kutafuta jina. Tovuti nayo isipatikane kwa kubonyeza tangazo lililo juu ya majibu ya utafutaji, kwa kuwa walaghai hununua matangazo ya namna hiyo. Wingi wa nyota si ushahidi. Nyota zaweza kutiwa na akaunti bandia.

Hata ghala laweza kubadilika tabia. Mwaka 2013 SourceForge ilianza kuingiza programu za matangazo katika baadhi ya mafaili yaliyopakuliwa, na watengenezaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, wakaihama mwaka huohuo. Mei 2015 ikabainika kwamba GIMP ya Windows ilikuwa ingali ikitolewa humo, ikiwa imefungwa pamoja na matangazo. Wamiliki wapya waliukomesha utaratibu huo mwaka 2016, na leo programu njema kama Tux Paint ya kuchorea, iliyoanza mwaka 2002, imehifadhiwa humo.

Waandishi wengi huweka karibu na faili mstari mrefu wa tarakimu na herufi uitwao SHA-256, wenye alama 64. Huo ni muhuri uliokokotolewa kutoka ndani ya faili. Mwalimu akishapakua hukokotoa wake, kwa amri ya certutil -hashfile katika Windows, akimalizia na jina la faili na neno SHA256, au sha256sum katika Linux, kisha hulinganisha. Ikitofautiana alama moja tu, faili limeharibika njiani au limechezewa.

Wanachuo huambiwa hivyo wakaamini tu, na hatupendi mwalimu afundishe asichokielewa. Basi lifanywe zoezi la ubaoni. Kila herufi ya kirumi ipewe namba, a iwe 1, b iwe 2, hadi z iwe 26. Muhuri wa neno uwe jumla ya herufi zake. Baba ni 2 na 1 na 2 na 1, jumla 6. Bibi ni 22. Darasa litafurahi kwamba mwizi akibadili neno muhuri humfichua. Hapo mkufunzi aandike kata, kisha taka. Maneno haya mawili yana maana mbalimbali lakini jumla yake ni 33 yote mawili. Muhuri umedanganywa. Wanachuo waachwe watafute dawa, na baada ya dakika chache atatokea mmoja wa kusema kwamba mahali pa herufi nako kuhesabiwe. Basi herufi ya kwanza izidishwe kwa 1, ya pili kwa 2, na kuendelea. Kata itakuwa 11 na 2 na 60 na 4, yaani 77. Taka itakuwa 20 na 2 na 33 na 4, yaani 59. SHA-256 imeifanya hila hiyo kuwa ngumu mno, kiasi kwamba hadi leo hapana aliyetangaza mafaili mawili tofauti yenye muhuri mmoja. Zoezi hili lafaa hata kwa watoto wa darasa la sita, nao hupata mazoezi ya kuzidisha bila kunung'unika.

Muhuri hauthibitishi wema wa mpishi. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya xz, inayotumika sana katika Linux, yalikuwa yametiwa mlango wa siri na mtu aliyekuwa ametumia miaka kujijengea imani ya wenziwe. Muhuri wa mafaili hayo ungelingana sawasawa. Tunalitaja hilo ili mwanachuo asimwambie mzazi kwamba kompyuta za shule hazidhuriki kamwe.

Kabla ya kubonyeza, mwanafunzi asome ukubwa wa faili ulioandikwa kando ya jina na kuulinganisha na bando lililobaki. Faili lipakuliwe mara moja, lihakikiwe, kisha linakiliwe kwa flashi katika kompyuta zote za shule na hata za shule jirani. Huo si wizi. Kolibri imetolewa kwa leseni ya MIT na Tux Paint kwa leseni ya GPL, na zote mbili humruhusu mtu kunakili na kugawa.

Upimaji

Mtihani wa somo hili usiwe wa kompyuta. Mwanachuo apewe karatasi yenye ukurasa ambao hajawahi kuuona, ikiwezekana wa Codeberg au GitLab ambako vitufe vimepangwa kwa namna nyingine, pamoja na maelezo ya kompyuta tatu: moja mpya, moja ya Windows 7 ya biti 32, na simu. Aandike ni faili lipi kwa kila moja, na kwa nini. Sababu zipewe alama nyingi kuliko jina la faili. Tena ukurasa huo uchaguliwe kwa makusudi ili moja ya kompyuta hizo isiwe na faili lake, na mwanachuo aandikaye kwamba hamna, akaeleza amelitafutia wapi, apewe alama zote za swali hilo.